Mwongozo kamili: Kumfundisha mtoto mwenye usonji kutofautisha vitu na maneno nyumbani, na venye utajua kama ameshika neno ama anasoma macho yako

Kijana yangu alikuwa na miaka 5 wakati niliamini amejua vitu vitatu: kikombe, kijiko na kiatu. Nilikuwa namwekea mezani, nasema "kijiko", anachukua kijiko, napiga makofi hadi majirani wa ploti wanasikia. Alafu shosho yake akaja kututembelea kutoka ushago, nikamwambia aketi pale huwa nakaa amjaribu mwenyewe. Akasema "nipe kijiko", kijana akachukua kikombe. "Nipe kiatu", kikombe tena. Shosho akaniangalia kwa huruma, akasema, "Polepole mama, atajua tu." Usiku nikalia jikoni.

Ilinichukua kama wiki mbili kujua nini kilitokea. Nilikuwa naangalia kitu kabla ya kukitaja. Sekunde moja tu, macho yanaenda kwa kijiko alafu mdomo ndio unasema kijiko. Shosho yeye alikuwa anamwangalia mtoto usoni kwa sababu anampenda, kwa hivo hakukuwa na kitu cha kusoma. Kijana hakuwa amekosea popote, alikuwa amejifunza vizuri sana, ila kile alijifunza ni macho yangu na sio maneno. Baadaye nikasoma kuhusu Hans, farasi wa kule Berlin ambaye watu waliamini anajua hesabu, anagonga kwato hadi afike kwa jibu. Mwaka wa 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi alikuwa anasoma vile mwili wa muulizaji unajikaza na kulegea bila mwenyewe kujua, na muulizaji akiwa hajui jibu, Hans naye hajui. Mwalimu wake hakuwa mwongo. Na mimi sikuwa mwongo.

Huu mwongozo nimeuandikia mzazi, shosho ama dada wa kazi ambaye anakaa na mtoto kila siku, manake therapi Nairobi ni bei na wengi wetu tunapata seshen moja kwa wiki kama tunapata. Kama mtoto hajafanyiwa asesmenti, anza na hiyo, KISE (taasisi ya elimu maalum ya Kenya) pale Kasarani wanafanya. Mimi ni mzazi, na haya nimeyafundishwa na therapisti wetu alafu nikayafanya kwa meza yangu Kawangware kwa miaka mitatu.

Kwanza elewa tunafanya nini

Kwa ABA (Applied Behavior Analysis, yani njia ya kufundisha kwa hatua ndogo na zawadi), kutofautisha maana yake ni hii: tendo lilelile linaleta zawadi ishara fulani ikiwepo, na halileti kitu ishara hiyo isipokuwepo, mpaka mwishowe mtoto anafanya hilo tendo kwa wakati wake tu. Utasikia therapisti wakiita ile ishara yenye zawadi "esi-dii" na ile isiyo na zawadi "esi-delta", usiogope majina.

Mfano mzuri uko hapa jirani tu, Morogoro Tanzania, kwa wale panya wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Panya akisimama kwa harufu ya TNT, ile baruti ya mabomu, anasikia mlio mdogo, klik, anapewa ndizi. Akisimama kwa harufu ingine hapigwi wala hafokewi, ila hakuna klik na hakuna ndizi. Ni hivo tu. Magawa, mmoja wao, alienda kufanya kazi Kambodia na mwaka wa 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Angalia hapo kuna pande mbili, harufu yenye ndizi na harufu zisizo na ndizi, na ukiondoa ule upande wa pili panya hajafundishwa kitu, atasimama kila mahali. Wazazi wengi tunasahau huo upande. Tunamwonyesha mtoto kiatu mara hamsini, kiatu peke yake mezani, "kiatu, kiatu, kiatu", anachukua kila saa na tunasema amejua. Kama kuna kitu kimoja tu mezani ungesema hata "ndege" angekipeana.

Mtoto wako tayari anatofautisha vitu vingi kwa njia hii bila kufundishwa na mtu. Kama analilia simu kwa shosho na halilii kwa baba, basi ashajua ni nani huwa anatoa.

Hatua ya 1: hakikisha yuko tayari

Asiwe na njaa sana, asiwe ametoka kulia, na awe anaweza kukaa mezani dakika mbili tatu bila kushikiliwa. Jaribu pia kulinganisha: mpe kijiko, weka mbele yake kijiko kingine, sahani na soksi, uone kama anaweka kijiko kwa kijiko. Kama kulinganisha bado, fundisha hiyo kwanza, maneno yatangoja.

Hatua ya 2: zawadi

Tafuta kitu anapenda ukweli, sio kile wewe unadhani anafaa kupenda. Weka vitu vinne mbele yake asubuhi uone anaenda wapi kwanza. Kwetu ilikuwa njugu moja moja, na siku zingine kutekenywa shingoni. Muhimu ni hii, hicho kitu kisipatikane ovyo siku nzima, kiwe cha mezani tu. Lakini usimnyime chakula ati ndio afanye kazi, hiyo hapana kabisa. Kata biskuti vipande vidogo, kama nusu ya kucha, ndio asishibe kwa dakika tatu.

Hatua ya 3: chagua maneno matatu, na hapa ndio Kiswahili kina mtego wake

Vitabu vingi vya hii kazi vimeandikwa Marekani na wanakuambia chagua vitu ambavyo havifanani kwa macho. Sawa. Lakini Kiswahili chetu kina ile "ki" ya mwanzo: kikombe, kijiko, kisu, kiti, kitabu, kiatu, kitanda. Mtoto ambaye masikio yake yanashika tu sauti ya kwanza anasikia ki, ki, ki, na kwake unataja neno moja. Mimi nilianza na kikombe, kijiko na kiatu, yani nilichagua maneno matatu magumu zaidi ambayo ningepata jikoni bila kujua. Vilevile maji na maziwa, mkate na mkebe, usivianze pamoja.

Kwa hivo chagua maneno yanayotofautiana kwa njia tatu: sauti, umbo, na kazi. Mimi nilirudi nikaanza upya na kiatu, sufuria na mswaki. Yanaanza tofauti, na hakuna mtu atachanganya sufuria na mswaki hata kwa giza. Pia kusiwe na kimoja anachokipenda sana kuliko vingine, ukiweka simu hapo atachukua simu kila mara na hujafundisha kitu.

Na lugha. Nyumba za Nairobi unapata mama anasema "kikombe", shule wanasema kwa Kizungu, shosho anasema kwa lugha ya mama, na ndugu yake mkubwa yuko kwa Sheng. Hakuna ubaya mtoto kusikia lugha nyingi, lakini kwa haya maneno matatu ya kuanza kubalianeni lugha moja, ibandikeni kwa friji ama kwa mlango, na kila mtu atumie neno lilelile hadi yashike. Alafu ndio unaongeza lile lingine.

Kuna swali la kama uanze na kimoja kimoja ama vyote vitatu pamoja. Njia ya zamani ni kuanza na kimoja, baadaye unaongeza cha pili, alafu unachanganya. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2011 ulilinganisha hizo njia kwa watoto wachache wenye usonji na kwa jumla kuchanganya tangu mwanzo kulishinda, manake ile ya kimoja kimoja inawafundisha makosa ambayo baadaye lazima uyaondoe. Mimi naamini hivo pia kwa kile niliona kwangu.

Hatua ya 4: panga meza na uandike mpangilio kabla

Vitu vitatu, kwa mstari, umbali sawa kutoka kwa mtoto. Kwa nini vitatu? Kwa sababu vikiwa viwili, mtoto anayebahatisha tu atapata kama 5 kwa 10 na wewe utafurahi bure. Vikiwa vitatu atapata kama 3 kwa 9, na hapo ukiona 8 unajua kuna kitu kimeingia.

Usipange kwa kichwa. Kichwa cha binadamu hakiwezi kuchanganya vizuri, tunarudia kati kati kila saa na mtoto anashika hiyo. Andika kwa daftari jibu sahihi litakuwa wapi. Huu hapa mpangilio wa traili 9 (traili ni jaribio moja: unasema neno, anachagua) unaweza kunakili, kila neno linapita kila mahali mara moja:

kiatu kati, mswaki kulia, sufuria kushoto, mswaki kati, kiatu kulia, sufuria kati, kiatu kushoto, sufuria kulia, mswaki kushoto.

Kesho anza kutoka katikati ya orodha, ama uisome kutoka nyuma. Na kila baada ya traili toa vitu vyote mezani uvipange tena ukiwa umevificha kwa trei ama nyuma ya gazeti, ju ukipanga akikuona, kile unagusa mwisho ndicho atachukua.

Hatua ya 5: sema mara moja

Ngoja akuangalie ama aangalie vitu. Sema neno moja, "sufuria", basi. Usianze na "nipe sufuria tafadhali mtoto wa mama", kwa sababu "nipe" inakuja mbele kila mara na haibadiliki, na mtoto anaposikia nipe mkono ushaanza kuenda kabla neno lenyewe halijafika. Hiyo "nipe" utairudisha baadaye akishajua kungoja hadi mwisho. Sasa macho. Angalia paji la uso wake, ama katikati ya meza, mahali pamoja kila mara. Mikono chini ya meza. Sauti isipande kwa kimoja na kushuka kwa kingine. Mimi nilikuwa navuta "suuufuria" na nakata "mswaki" fupi kama naamuru.

Usirudie rudie. Ukisema "kiatu... kiatu... si kiatu!", umemfundisha kwamba neno la kwanza halina maana, angoje la tatu.

Hatua ya 6: msaidie kabla hajakosea, alafu uondoe msaada

Hapa ndio watu wengi huchoka, na ndio roho ya kazi yote. Zamani ilionekana ni kama lazima mtu akosee ndio ajifunze. Mwaka wa 1963 mwanasaikolojia Herbert Terrace akaonyesha kwa njiwa kwamba si lazima. Aliwafundisha kudonoa taa nyekundu na kuacha ya kijani, ila ile ya kijani aliileta mapema sana, ikiwa hafifu na ya muda mfupi, akaiongeza nguvu kidogo kidogo, na hao njiwa karibu hawakukosea. Wale waliofundishwa kwa njia ya kawaida walikosea sana na walionekana kusumbuka wakiona ile taa ya kijani. Nikifikiria mtoto wangu akigeuka na kujificha chini ya meza enzi zile, naelewa hao njiwa kabisa.

Kwa hivo siku ya kwanza na ya pili, sema neno na papo hapo onyesha kwa kidole. Anachukua, zawadi. Siku ya tatu sema, ngoja sekunde 2, kama hajaenda ndio uonyeshe. Alafu sekunde 4. Akienda mwenyewe kabla ya kidole, hiyo ndio njugu mbili na kelele na kutekenywa, manake anafaa kuona wazi kwamba kujua mwenyewe kunalipa kuliko kungoja kidole. Akingoja kidole kila siku na haendi mwenyewe, fanya msaada uwe mdogo: badala ya kidole, sogeza kile kitu karibu naye kama upana wa mkono, kesho nusu ya hapo, kesho kutwa mstari sawa.

Usishike mkono wake kwa nguvu. Ikiwa anakuvuta mkono wako ama anasukuma meza, amekuambia imetosha, na hiyo ni lugha pia, iheshimu. ABA ya zamani ilikuwa na adhabu ndani, na watu wazima wenye usonji wameongea waziwazi vile iliwaumiza, mimi nawasikiza. Hakuna neno linalofaa kufundishwa kwa machozi.

Akikosea? Nyamaza, hakuna "hapana" kubwa, hakuna uso wa kununa. Toa vitu, panga tena, sema neno, onyesha mara moja, anachukua, msifu kidogo. Mwambie afanye kitu rahisi anachojua, kama kupiga makofi. Alafu rudia lile neno bila msaada. Traili 9 asubuhi na 9 jioni zinatosha.

Hatua ya 7: daftari, na kusoma makosa

Kwa kila traili andika alama tatu tu: pata, msaada, kosa, na kwa kosa andika alichukua kipi na kilikuwa wapi. Hii ya mwisho watu hawaandiki na ndio yenye dhahabu. Makosa yana sababu yake. Kama anachukua ya kulia kila saa, ameshika upande. Kama anachukua kile kilichompa njugu traili iliyopita, ameshika hiyo. Kama makosa yote ni mswaki, labda mswaki una rangi anaipenda. Ukiona ameshika upande, kile kitu sahihi kiweke ule upande asioupenda kwa traili kadhaa na umsaidie, zawadi zitoke huko tu hadi aache.

Sheria yetu ya kusema amejua: 8 kwa 9 bila msaada, siku mbili, na mtu mwingine tofauti akiwa ameketi pale. Huyo mtu wa pili ndiye anayejibu swali la shosho.

Hatua ya 8: winda ishara za uongo

Mwaka wa 1971 mwanasaikolojia Ivar Lovaas na wenzake waliwafundisha watoto kuitikia vitu vitatu vinavyokuja pamoja, mwanga, sauti na mguso, alafu wakajaribu kimoja kimoja. Watoto wengi wenye usonji walikuwa wameshika kimoja tu, vingine ni kama havikuwepo. Kwa hivo usishangae kwamba mtoto wako amejua "kiatu" kwa sababu ya kamba nyeupe, na ukileta sandali kiatu kimepotea. Kama unatumia kadi za picha angalia ile kona iliyokunjika, ile doa ya chai, plastiki inayong'aa upande mmoja. Tulikuwa na kadi ya mbwa yenye tone la uji na alikuwa anaijua vizuri sana, nikaprinti ingine mpya ikawa ni mgeni.

Dawa ni kuwa na mifano mingi. Viatu vitatu tofauti, sufuria kubwa na ndogo, mswaki wa kila mtu wa nyumba. Badilisha meza, fanya sakafuni, fanya kwa shosho. Na mara moja moja fanya jaribio la Hans: funga macho kabisa, sema neno, fungua ukishasikia amechukua. Kwangu siku ya kwanza ya kufunga macho alipata 3 kwa 9. Wiki tano baadaye alipata 9.

Hatua ya 9: sogea kwa vinavyofanana, lakini pole pole

Sasa ndio unaleta kikombe na kijiko pamoja, alafu maji na maziwa, alafu chumvi na sukari kwa mikebe miwili inayofanana. Kila hatua iwe ndogo. Kwa maabara ya mwanasayansi Pavlov kule Urusi kuna mbwa alifundishwa kutofautisha duara na umbo la yai, wakawa wanalifanya yai liwe duara zaidi na zaidi, na lilipofika karibu sana, uwiano wa 9 kwa 8, mbwa akaanza kulia na kurarua vifaa, na hata yale mepesi aliyoyajua akayapoteza. Ukiona mtoto aliyekuwa 8 kwa 9 anashuka 4 na analia, usisukume, rudi nyuma hatua mbili kwa yale anajua, kaa hapo siku tatu, alafu jaribu na tofauti kubwa kidogo. Na kama wiki nzima haisongi hata ukirudi nyuma, peleka daftari kwa therapisti, seshen moja akiwa na makosa yako yameandikwa ina faida kuliko tano za kuanza sifuri.

Baada ya vitu vya nyumbani, chagua tofauti ambazo zina kazi kwa maisha yake. Kwetu tulifuata hizi: jiko lililowaka na lililozima, mlango wa choo cha wanaume na cha wanawake, watu wa kukumbatia na watu wa kusalimia kwa mkono, ju alikuwa anakumbatia kila mtu kwa stage na hiyo inaniogopesha kuliko kitu kingine chochote. Ile ya watu tulitumia picha za simu, sura tano za familia na sura tano za watu tusiowajua, kwa mpangilio uleule wa daftari, alafu tukaenda kufanya nje na binamu zake wakisaidia.

Sai ana miaka 8 na tuko kwa namba za matatu. Tulianza na 46 na 111, manake 46 ndio inatuleta Kawangware na 111 inaenda Ngong, na kwa macho hazifanani hata kidogo. Niliandika kwa kadi, alafu kwa rangi tofauti, alafu picha za matatu zenyewe zenye michoro yote ile, ndio asishike rangi ya gari. Tao tunasimama, nanyamaza, naangalia chini kwa viatu vyangu, na yeye ndiye ananivuta mkono gari letu likifika. Mwezi huu tumeingia 45 na 46. Tarakimu moja tu ndio tofauti, na 45 itatupeleka Githurai, upande mwingine kabisa wa jiji. Jana kwa traili 9 alipata 6, na makosa yote matatu namba ilikuwa imeandikwa ndogo, kwa hivo leo jioni naziandika kubwa tena.